Sifuri ama Moja

…na bado anaongea, ee Mungu Nyamuhanga, huyu mtu hachoki, amesimama nyuma ya kiti cha Kaswera na harufu yake ya mazutu ya lori, anaongea kama vile mashine ni kamiyo na Kaswera ni shofa wake, "Kaswera, fanya sifuri, nilikuambia sifuri," na kwenye kioo swali ni lile lile tangu dakika tano, kwa Kifaransa, sifuri ama moja, ukichagua sifuri, disque mbili mpya za kutunza barua ziungane zikuwe ghala kubwa, ukichagua moja, disque ya pili iandike kila neno ambalo ya kwanza imeandika, na ukisha kuchagua hakuna kurudi nyuma, kidole chake kiko juu ya moja lakini hakibonyezi, kwa sababu Zorobabel ni patron, mwenye kazi, antena juu ya bati ni ya Zorobabel, groupe ya umeme inayonguruma kule nje ni ya Zorobabel, hata kiti hiki, shenzi, na disque ya zamani inakwaruza ndani kama panya kwenye mahindi, haimalizi wiki, barua zote lazima zihamie leo kwenye hizi mpya mbili, leo, kabla haijazimika nazo… "Mimi niko na kamiyo mbili," anasema, "moja inabeba mizigo mpaka Butembo, ya pili inamufuata nyuma bila kitu, njo akili hiyo? Barua zinarudishwa kila siku juu nafasi hakuna! Bacommerçants banalalamika!" na Kaswera anajibu bila kugeuka, "Patron, kwa sifuri moja ikikufa, zote zimekufa, nusu ya barua iko huku, nusu kule, hautasoma hata moja," na anasikia mate yakitoka kwenye meno ya patron, tsss, kama mtu anayefukuza mbuzi. Bacommerçants! Ni nani aliyejaza mashine, ni wafanyabiashara ama ni watu waliokimbia vita kutoka upande wa Mambasa, wanaofika Beni na miguu imevimba, wanapanga mstari mlangoni, hawajui kuandika email, wanasema na yeye anaandika, niko Oicha kwenye kanisa, mama alibaki njiani, batoto ni bazima, na ndugu zao walioko Butembo, Kampala, Kinshasa wanauliza, umeona mutu fulani, na Kaswera anatafuta, na mara nyingine anapata, na mutu analia kwenye simu, barua hizi hazipo mahali pengine popote duniani, zikipotea watu watakuwa wazima na hakuna atakayewapata, mpumbavu, haoni? Kamiyo, kamiyo, kamiyo. Anamchukia, basi, aseme wazi, anamchukia shingo yake, anachukia namna anavyosema "Kaswera" bila mama, bila dada, yeye mwenye batoto watatu, na hii chuki haikuanza leo, ilianza kwenye matanga, mwezi wa nane, watu wote wamekaa kwenye mikeka, wanalia vizuri kama watu wenye adabu, na Zorobabel amekunywa chai yake, ameweka kikombe chini, akauliza mbele ya wote, "Mais nani aliwatuma pamoja?" na wamama wakainamisha vichwa, na yeye, Kaswera, akaona giza, akasema moyoni, huyu nitamchukia mpaka kaburini, mutu gani anauliza swali kama hilo mbele ya jeneza mbili… "Unangoja nini? Mazutu inaisha!" Angoje. Moja, atafanya moja, na akitaka amfukuze, disque mbili bega kwa bega, moja ikianguka mwenzake anambeba, ndivyo inavyofaa, ndivyo… moja ikianguka mwenzake anambeba, hayo maneno ameyasema wapi? Asubuhi hii mama Élise amekaa pale, kwenye benchi, mtoto mgongoni, amesema, andika hivi, "Bwana wangu, nimegawa batoto, bawili kwa shangazi kule Mutwanga, mumoja kwa nyanya kule Kipese, huyu wa mgongoni nabaki naye, wakikuja, wasitupate wote," na Kaswera ameandika, ameweka nukta, ameita anayefuata, siku hizi Beni nzima kila mama anagawa batoto, usiku hakuna nyumba inayolaza watoto wote, kila mtu anajua, hata mjinga anajua, na hizi disque mbili ziko wapi? Ndani ya sanduku moja, na sanduku ndani ya ofisi hii, bureau moja, na bureau karibu na barabara, na askari wakiingia, hao ama wale, haijalishi, hawatachagua, watabeba sanduku lote kichwani, ya kwanza na ya pili, bega kwa bega… "Sifuri!" Si sifuri. Wala si moja, kumbe, wala si moja, moja ibaki hapa na nyingine itoke na nakala ya barua zote, ipande Butembo kwa njia yake, ndani ya gunia la maharagwe, kila Jumatatu, hiyo tu ndiyo inaokoa, na Kasonia alijua hivyo bila mashine yoyote, Kasonia mdogo wake, mwezi ule wa nane, amesimama mlangoni na fuko lake, amesema, "Yaya, ndugu yetu Mathe apite Mbau, miye nipite Mutwanga, ni mbali lakini ni bora," na yeye, Kaswera, mkubwa, mwenye akili, mwenye kusoma, amepiga kelele mpaka jirani wametoka, "Aka! Mutapanda pikipiki moja, mutaenda pamoja, mumoja akianguka mwenzake atamubeba!" na wamepanda, Kasonia nyuma, amemshika Mathe kiunoni, na kwenye barrière ya Mbau, kizuizi cha askari, mtu amesema Kita, shukeni, na wameshuka wote wawili, na jeneza zikawa mbili… "Kaswera, unalia nini sasa, mbele ya mashine?" anasema Zorobabel, na groupe inanguruma, na kioo kinauliza sifuri ama moja, na kidole kiko pale pale, na patron alikuwa ameuliza kitu kimoja tu, nani aliwatuma pamoja, na miezi minne yote hiyo amemchukia yeye kwa sababu hakuweza kumjibu, ni miye, patron, ni miye, Kasonia alikataa, miye ndiye niliyewatuma.