Maziwa ya Papa Bulonza

Lydie alishuka kwenye pikipiki na begi moja, macho yamevimba, nami nikajua kosa ni langu kabla hajafungua kinywa.

Ni miaka minne sasa. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimetoka kaskazini mwa Kenya, nilikojifunza kutengeneza mtindi kwa wanawake wa maziwa ya ngamia, nikafungua karakana ndogo hapa mjini, mtaa wa Kadutu. Ngamia hatuna, tuna ng'ombe wa vilima vya Kabare, na wa Papa Bulonza walikuwa na maziwa mazito kuliko yote. Mzee alikubali kuniuzia kwa sharti moja: yasiguse moto. Kwake, maziwa yakichemshwa, ng'ombe hukauka, hatoi tena. Nikaitikia, huku nikijua kwamba mtindi wangu huanzia jikoni. Nilijiona mjanja. Kila asubuhi nilifunga mlango kwanza, ndipo nikawasha makaa.

Kisha kikaja kiangazi kikali, majani yakaisha, na ng'ombe wake mkubwa akakauka. Mzee alishuka mwenyewe hadi Kadutu, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, akauliza bila hasira:

"Elodie, mutoto yangu, ile maziwa unaichemushaka?"

"Hapana, papa. Hata siku moya."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma. Basi akamtafuta mwenye kosa nyumbani, akamwona Lydie, mke wa mwanawe, msichana wa mjini aliyependa chai ya maziwa. Lydie alikana, lakini nani angemsikiliza? Wiki hiyohiyo walimfukuza, na watoto wakabaki.

Alikuja kwangu kuomba kazi ya kuosha vyombo, kwa kuwa mimi, alisema, ndiye mtu wa mjini ambaye baba mkwe wake alimwamini. Nilimpa kazi. Niliona haya kumtazama usoni. Nikawa nachemsha mapema, kabla hajafika.

Asubuhi moja alifika mapema kuliko mimi nilivyotegemea. Maziwa yalikuwa yakipanda. Alitazama sufuria, akanitazama mimi. Nilitaka kupiga magoti, niseme yote, niahidi kwenda Kabare siku ileile.

Lydie alikunja ncha ya kitenge chake, akashika sufuria, akaipua.

"Ilikuwa karibu kumwangika, maman," akasema.

Mpaka siku hiyo alikuwa akiniita yaya, kama dada yake mkubwa, si maman, kama mwajiri. Kabare sijaenda hadi leo, naye hajawahi kuniomba niende.