Gari la Muuza Pombe

Kikao cha Chama cha Kupinga Utumwa kilianza saa tatu asubuhi, sebuleni kwa Ndugu Asahel, na hadi saa nne na nusu kilikuwa bado hakina mwenyekiti. Asahel alisema hapigi kura mbele ya mwenyekiti mwanamke. Dada Mehitabel akamjibu kwamba anayetaka kuwafungua watumwa wa Kentucky angeanza na mkewe aliye jikoni.

Keturah, katibu, aliandika yote hadi vidole vikafa ganzi. Chini ya mbao walizokanyaga, kwenye stoo ya viazi, alikuwa amejificha Philis, mtumwa aliyetoroka Kentucky, na mwanawe wa miezi minne. Wasaka watumwa walikuwa wamelala kijiji cha pili. Meli ya kuvuka ziwa kwenda Kanada ilikuwa ya saa nane, na bandarini ni mwendo wa saa mbili.

Gari la farasi lenye turubai lilikuwa moja tu pale mjini, la Lot Varnum, muuza pombe ya matufaha. Lot alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Hapo sasa ndipo moto ulipowaka. Nusu ya wanachama walikuwa wameapa kujitenga na kileo na kila anayekiuza. Mehitabel akasema hawawezi kumtoa mtu utumwani kwa kumpakia kwenye utumwa wa chupa. Mwingine akataka kujua kama shali aliloandaliwa Philis ni la pamba, maana pamba ni jasho la watumwa. Ikapendekezwa iundwe kamati.

Keturah alifungua kinywa mara tatu, na mara tatu mtu mwingine akamkatiza. Saa sita ilikuwa inakaribia.

Mlango wa sakafuni ukainuka. Philis akatoka, mtoto kifuani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Samahanini, wazee wangu. Hilo gari liko wapi?"

"Bado hatujaafikiana, binti," Asahel alisema kwa upole.

"Sijauliza kama mmeafikiana, mzee. Nimeuliza liko wapi."

Keturah akaweka kalamu chini. "Nyuma ya zizi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Twende, dada."

Asahel alimkumbusha kwamba kikao hakijafungwa. Keturah alikuwa ameshavuka kizingiti.

Njiani, wakiwa wamejibana kati ya mapipa ya Lot, Philis alimgeukia.

"Wale wote wako upande wangu?"

"Wote," Keturah alisema, akifumba macho kwa uchovu. "Kufa kwa ajili yako wangekufa. Kukupa gari ndiyo kazi."