Mikorosho Haina Namba

Madalena Orlando alipewa redio koli kwa sababu sauti yake, kama alivyosema mwenyekiti wa kijiji, inavuka mto Ruvuma bila mtumbwi. Mradi mmoja wa kupambana na majanga ulikuwa umegawa redio katika vijiji vya bondeni, na ya Mahurunga ikamwangukia yeye, mama wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa mihogo.

Mafunzo yalichukua siku mbili. Mkufunzi, Bwana Gideoni, alitoka ofisi ya mradi kule Rahaleo, mjini, shati limepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Akawafundisha kwamba neno "moto" ni marufuku hewani, maana linaleta taharuki. Nyumba ikiungua, mtu aseme saba-moja. Gari, saba-mbili. Ofisi ya serikali, saba-tatu. Gesi, saba-nne. Madalena akauliza mikorosho ni saba ngapi, kwani huku kinachoungua kila mwaka ni mikorosho. Gideoni akajibu kuwa suala hilo liko kwenye mchakato, kisha akagawa soda.

Mwezi wa nane, watu wakisafisha mashamba, mmoja alichoma majani makavu akayaacha yakiwaka, akaenda kula. Upepo ukausukuma moto hadi kwa mzee Ismaili, mikorosho mia mbili iliyokwisha kutoa maua. Majirani wakakimbilia matawi mabichi ya kuupigia. Madalena akakimbilia redio.

Akasema kuna moto shambani. Gideoni, aliyekuwa zamu redioni kule ofisini, akamjibu, taratibu kabisa, kwamba atumie lugha ya mawasiliano. Akasema mikorosho inaungua. Gideoni akamwambia hiyo haina namba kwenye kijitabu cha mafunzo, na tukio lisilo na namba haliandikishwi, na lisiloandikishwa halitumiwi gari. Akamshauri aandike barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji.

Madalena aliutazama moshi. Mzee Ismaili alikuwa amekaa chini, kofia mkononi.

"Saba-nne," Madalena akasema redioni. "Mahurunga. Narudia, saba-nne."

Haikutimia saa moja yakafika magari matatu ya zimamoto, gari la wagonjwa, polisi, na mabwana wanne wa gesi wenye kofia ngumu. Hata mpiga picha alikuwepo. Bahati nzuri maji yalimwagwa kwanza, maswali yakafuata. Mikorosho mia moja na arobaini ikapona.

Gideoni, aliyefika nao, akamvuta Madalena pembeni, akamuuliza gesi iko wapi.

"Iko kiwandani kwake, kule Madimba, mwanangu," akajibu. "Lakini mmewahi. Tunashukuru."

Siku hiyohiyo akanyang'anywa redio kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo. Ikakabidhiwa kwa mwenyekiti, anayeitunza kabatini, chini ya kitambaa cha kufuma, isiingie vumbi.

Mwisho wa mwaka mradi ulisoma ripoti yake mbele ya wageni. Ilitaja tukio moja la gesi, kijiji cha Mahurunga, lililodhibitiwa kikamilifu kutokana na ubora wa mafunzo. Gideoni akapewa cheti, watu wakapiga makofi.

Madalena hakualikwa. Alikuwa shambani kwa mzee Ismaili, wakikata matawi yaliyoungua. Mzee akamuuliza alipata wapi ujasiri ule. Madalena akasema hakuwa na ujasiri wowote. Kidole kiliteleza kwenye kitufe mara mbili. Kisha akamwomba amsogezee panga.