Mfereji Unaojifunga

Asubuhi Simaloi alikwenda mgombani na jembe lake, akakuta mfereji umeshapona. Juzi tu yule Mdachi mwenye shamba la kahawa alikuwa ameukata kwa juu, karibu na mto Nduruma, maji yote yaende kwake. Sasa pale alipokata palikuwa na gaga jeusi kama la kidonda, gumu, la hatua tatu, na pembeni udongo mpya ulikuwa unaota. Maji yamerudi njia yake. Kwa jirani yao Lesikar yalipita kidogo, maana migomba yake ilikuwa imeshashiba. Kwa mjane Ndeshi yakaingia mengi. Hakuna aliyeyaelekeza. Ndivyo yalivyojigawa tangu enzi za babu.

"Umejifunga tena," alimwambia mumewe.

Lomayani alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umepakwa mafuta ya kondoo. Alikuwa mlinzi wa mfereji, kazi ya kurithi: kuondoa majani, na kuumwagia pombe ya asali kila mwaka kabla ya mvua. Kuziba hakukuwamo.

"Basi watakuja," akasema.

Askari wa boma wakaja, wakamchapa viboko ishirini na tano. Mara ya nne hiyo. Mgongo wa mtu hauna akili ya mfereji. Wake ulikuwa haujafunga tangu mara ya pili, na ya tano ingemuua.

Simaloi alichoka, jamani! Akaenda akausihi mfereji ukae na kidonda chake japo mwezi mmoja. Akalibandua gaga kwa jembe, maji yakaelekea kwa Mdachi. Kufika jioni limeota jingine. Akautukana matusi ya nguoni, kisha akaona haya, maana ndio uliomlisha tangu aolewe.

Kesho yake akashuka bomani kwa karani Sefu, mtu wa Pangani, mpole.

"Mfereji unajiziba wenyewe, karani."

"Najua, mama. Nimeuona. Hata Bwana Mkubwa wa boma ameuona, akauchora picha."

"Sasa mume wangu anachapiwa nini?"

Sefu akamgeuzia karatasi. "Hapa panataka jina la aliyeziba."

"Si uandike mfereji!"

"Mfereji hauna mgongo, mama."

"Niandike mimi, basi."

"Wanawake hawaandikwi hapa."

Akachovya kalamu, akaandika Lomayani, mara ya tano, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha akauliza, kwa adabu, jina la baba yake Lomayani. Simaloi akasonya. Halafu akamtajia.