Kupangusa Kioo cha Afande

Kazi aliyopewa Kidega ilikuwa ya kukaa tu, na bado ilimshinda.

Bosi wake, Estelle, alimweleza mara moja, kwa maana mama huyo alifika Kampala kutoka Bukavu na begi moja na watoto wawili, na tangu siku hiyo hakuwa na muda wa kurudia maneno. "Utamweka mtu mbele ya simu. Utamwambia afanye kitu fulani kwenye tovuti yetu. Halafu weye unanyamaza. Akikwama, nyamaza. Akitoka jasho, nyamaza. Mikono ikikuwasha, ikalie."

Tovuti yenyewe iliitwa Fundi Darasa. Ofisi ilikuwa Kamwokya, ghorofa ya pili, juu ya duka la spika lililohakikisha kwamba hakuna mtu anayefanya kazi bila kutikisa kichwa. Walifundisha ufundi kwa njia ya simu: kutengeneza friji, kufunga sola, kusuka mota. Mwanafunzi anasoma kwa simu, anafanya mtihani kwa simu, akifaulu anapewa cheti. Kabla ya kufungua milango Estelle alitaka kujua jambo moja: je, fundi wa kawaida anaweza kuitumia tovuti hiyo peke yake, bila kushikwa mkono? Watafutwe watu watano wa kuijaribu. Kidega awatazame na kuandika.

Wanne wa kwanza walikuwa vijana wenye simu pana kama sinia. Mmoja wao, Alal, binti wa sola, alimaliza mtihani mzima huku akitafuna hindi la kuchoma. Ila Estelle akasema wa tano awe mtu mzima, na aje na simu yake ndogo. Kidega akamleta Afande Ochan wa Kisugu.

Ochan alikuwa ametengeneza magari na majokofu ya jeshi miaka ishirini na miwili, bega kwa bega na Sajenti Abwola, marehemu baba yake Kidega. Sasa alikuwa na kibanda chake, na mbele yake friji mbovu zimepangwa mstari kama makuruta wanaosubiri kukaguliwa. Kidega alimwita Afande tangu hajaota meno.

Sasa, kule kwenye kambi ya jeshi alikolelewa Kidega, mkubwa hashindwi. Bibi akihangaika kutunga uzi kwenye sindano, mtoto mwenye malezi anasema, "Bibi, hebu nione hiyo sindano, ni nzuri." Anaipokea, anatunga uzi, anairudisha. Bibi anashona kana kwamba uzi uliingia kwa miguu yake wenyewe, na hakuna anayesema lolote. Mtoto asiye na mkono wa namna hiyo huulizwa alizaliwa porini au wapi.

Na kijana wa malezi hayo ndiye aliyeambiwa na Estelle akalie mikono.

"Afande," Kidega alisema siku ya jaribio, "tafadhali uwe unasema kwa sauti kila unachofikiria."

Ochan alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati. "Jeshini ukisema kitu unafikiria, unakimbia uwanja mara kumi."

"Leo hakuna uwanja, Afande."

"Kale, sawa." Mzee akashika simu yake, ya zamani, kioo kina ufa kwenye kona, akaanza kutoa taarifa. "Naona kitufe. Nakaribia kitufe. Nimepiga. Adui amerudi nyuma."

Kidega aliuma kalamu asicheke. Maswali ya mtihani Ochan aliyajibu kabla hajafika mwisho wa kuyasoma. Kompresa alizijua kama mtu anavyowajua shemeji zake. Kumi yote, safi. Kilichobaki kilikuwa kitufe cha mwisho, Tuma Majibu.

Hicho hakikuonekana. Kwenye simu ndogo, juu yake kabisa, lilikuwa limekaa duara la kijani lenye sura inayotabasamu, limewekwa pale ili kumsaidia aliyekwama.

"Naona..." alisema Ochan. "Naona..."

Akaigusa ile sura. Ikafunguka: *Habari! Nikusaidie nini?* Akaifunga. Akaigusa tena. *Habari! Nikusaidie nini?* Mara ya tatu hakutoa taarifa tena. Jasho lilimtoka nyuma ya shingo, likaingia kwenye kola. Kisha akainua macho, akamtazama mtoto wa rafiki yake, mara moja tu, haraka, akayarudisha chini.

Kidega alikuwa ameikalia mikono kama alivyoagizwa. Wa kulia ukatoka wenyewe.

"Afande, lete kwanza nipanguse hiyo kioo. Iko na vumbi."

Akaichukua, akaisugua kwenye shati, na katika kusugua akailaza ubavu. Sura ya kijani ikarukia pembeni, kitufe kikajitokeza, kidole gumba kikafanya kazi yake. Akairudisha. Kwenye kioo: *HONGERA! KUMI KWA KUMI.*

"Eh!" Ochan akavuta pumzi. "Kumbe ilikuwa vumbi."

"Ilikuwa vumbi tu, Afande."

Jioni Kidega aliandika ripoti upesi, kama mtu anayemeza kwinini: *Mshiriki wa tano. Amekamilisha mwenyewe. Dakika tisa. Hakusaidiwa.*

Kwenye kikao Jean-Pierre, aliyeitengeneza tovuti, aliuliza huku akikuna ndevu: "Na ile sura ya kijani? Kwa simu ndogo haizibi kitu?"

Mlango ulikuwa wazi hapo, mpana, hata gari lingepita. Kidega angeweza kutoka. Lakini kutoka kulimaanisha kusema mbele ya watu kwamba Afande Ochan alishindwa.

"Haizibi," alisema.

"Huyu kijana anajua kukaa!" Estelle akapiga makofi, akamnunulia rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai matatu. Kidega alikula yote.

Wiki sita baada ya tovuti kufunguliwa, zahanati moja karibu na Kisugu ilitafuta fundi wa friji za chanjo. Friji hizo Ochan alikuwa akizitibu kwa miaka, bila karatasi. Safari hii walitaka karatasi. Kila mtu mtaani alijua kazi ni yake. Ilibaki cheti tu, na wiki hiyo Ochan angefanya mtihani wa kweli wa Fundi Darasa.

Jumamosi Kidega alipita kusalimia na kumpongeza. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nje, wanaume walicheza karata za matatu kwenye meza ya mbao, na Sifuna, makanika Mkenya ambaye mdomo wake haujawahi kuonja likizo, alikuwa kazini.

"Mnasema vita! Mtu amepigana vita vyote vya Kaskazini akarudi mzima, halafu ameangushwa na kitu ya kuingia mfukoni!"

"Sifuri," mwingine akachangia, akitupa karata. "Hata mimi ambaye sijui friji ingenipa moja ya huruma."

Wakacheka. Kidega naye akajikuta anatabasamu kidogo, kwa desturi tu, na tabasamu hilo alilikumbuka baadaye kuliko mambo mengine yote.

Mkewe Ochan, Mama Abalo, alimvuta ndani ya nyumba yao, akamkalisha.

"Mwanangu, weye ni wa hizo mambo, labda utajua. Alimaliza maswali, saa bado ilikuwa mingi. Halafu kitufe ikakosekana. Akasema, 'Tulia, ni vumbi, Kidega alinionyesha.' Akapangusa na shati. Hakuna. Akapangusa na pamba. Hakuna. Akaniita nilete spiriti ya vidonda. Tumepangusa hiyo simu sisi wawili, mwanangu, mimi nashika, yeye anasugua, mpaka saa ikaisha ikaandika sifuri." Akapunguza sauti ili asisikike nyuma ya nyumba. "Kuna namna ya kupangusa ambayo hatukujua?"

Aibu ina joto lake. Ya Kidega ilianzia masikioni, ikashuka shingoni, ikakaa palepale jasho la Ochan lilipokuwa limekaa. "Hapana, Mama," alisema. "Mlipangusa vizuri."

Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya friji iliyolazwa, hafanyi kitu. Mtu wa mikono kukaa bila kitu mkononi ni jambo baya kulitazama.

"Mtoto ya Abwola. Umekuja kuona mabaki?"

"Nimekuja kusalimia, Afande."

"Ile kazi wamepea kijana moja, Byron. Anajua kiasi. Mimi kichwa imekauka." Akajigonga kwenye paji, mara mbili, kama anavyogonga kompresa kusikia kama ingali hai. "Ukizeeka, unakubali."

Kidega akafungua mdomo. Maneno yalikuwa machache na aliyajua yote. Na hapo, mahali pa kusema, ndipo sheria ya Estelle ilipomkaa vizuri kuliko siku zote: akanyamaza. Pale alipotakiwa kunyamaza alikuwa ameingiza mkono.

"Pole, Afande," alisema mwishowe.

Pole! Alitembea njia nzima hadi barabara kuu akijitukana kwa neno hilo moja.

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya Estelle, akakataa kiti, akaeleza yote. Chini, duka la spika lilikuwa likijaribu besi mpya, na kila sentensi ya maungamo yake ilisindikizwa na ngoma. Estelle hakumkatiza. Alipomaliza, mama akamgeukia Jean-Pierre.

"Wangapi wamepata sifuri kamili?"

Jean-Pierre akatafuta. "Thelathini na mmoja. Nilidhani hawakujibu."

"Thelathini na mmoja," alisema Estelle. Alirudia, yeye asiyerudia.

"Kama ni barua ya kunifukuza," Kidega alisema, "andika, Mama."

"Barua itangoja, haiozi. Kesho mlete huyo mzee, arudie jaribio kabla hatujarekebisha kitu. Kabla hajagusa simu utamwambia weye mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa pale na nitanyamaza. Mimi najua kunyamaza."

Ochan alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, simu imefungwa kwenye leso nyeupe. Alikuwa ameshaipangusa. Kidega aliiona leso na karibu arudi nyuma.

"Afande, haikuwa vumbi."

Mzee akangoja.

"Kuna kitu kwenye tovuti yetu kinaziba kile kitufe, kwa simu kama yako. Siku ile niligeuza simu nikabonyeza mimi. Halafu nikaandika kwamba ni wewe. Ningeandika ukweli, wangerekebisha kabla ya mtihani wako. Kichwa chako hakijakauka. Ni mimi."

Mzee aliiweka simu mezani, ingali ndani ya leso.

"Mke wangu alimaliza chupa nzima ya spiriti," alisema Ochan polepole.

"Aliniambia."

"Na ulisikia, ukaenda nyumbani."

"Ndiyo, Afande."

"Kwa nini?"

"Niliona unatoka jasho. Nikaona aibu."

"Aibu ya nani?"

Kidega alikuwa amejidanganya wiki hizo zote kwamba anamsitiri mzee.

"Soma hiyo ripoti," Ochan akaamuru. "Simama, soma."

Kidega akasimama, akasoma. *Amekamilisha mwenyewe. Dakika tisa. Hakusaidiwa.*

"Dakika tisa!" alisema Ochan. "Mimi kutafuta miwani peke yake ni dakika tisa." Jean-Pierre akaanza kucheka, akaona uso wa mzee, akageuza kicheko kuwa kikohozi. "Lete huo mtihani. Na weye, kaa."

Alifungua leso. Akajibu maswali kumi, haraka kama mara ya kwanza, akafika mahali pake. Akaigusa sura ya kijani. *Habari! Nikusaidie nini?* Akaifunga. Akasogeza kurasa juu, chini, juu. Ungedhani kwa kuwa ameambiwa kuna kitu kinaziba angejua afanye nini, hakujua. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Jasho likatoka palepale, likaingia kwenye kola iliyopigwa pasi. Jean-Pierre aliangalia pembeni. Estelle hakuangalia pembeni. Chini ya mapaja ya Kidega vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mkono wa kulia ulivuta kutoka kama mbwa aliyefungwa anayemwona bwana wake akizama.

Ochan akainua macho, kama siku ile. Safari hii hakuyarudisha chini. Kidega naye hakuyakwepa.

"Nimeshindwa," alisema Ochan.

Alilisema kwa sauti ya gwaride, mbele ya mwanamke, mbele ya mgeni, mbele ya mtoto wa Abwola. Katika miaka yote ya kambini, na wanaume wote aliowajua kule, Kidega hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mmoja wao.

"Andika," Ochan akasema. "Jina langu, na hiyo neno, vile nimesema. Usipanguse."

Kidega akatoa mikono. Haikuwa na hisia hata kidogo. Kalamu ilianguka mara mbili kabla ya kushikika. Akaandika jina, kisha neno, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mzee akaegemea mbele kwa miwani yake kuhakikisha kwamba hakuna hata moja iliyorukwa.