Mgeni wa Bi Mwanapili

Siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, wazee husema nyumba isiyo na mgeni ina mkosi. Kila mtu humvuta wake: jamaa wa mjini, shemeji wa Chwaka, hata mpita njia aliyepotea. Asubuhi hiyo kibanda cha makuti kilishasimama uwanjani kikisubiri moto, wanaume walishaanza kuchapana kwa magomba ili kinyongo kisivuke mwaka, na Mwanapili hakuwa na mgeni hata wa dawa.

Jirani yake Mayasa alikuwa akimtarajia mtu wa redio.

Hilo ndilo lililomuunguza. Miaka saba, tangu mkondo ulipomchukua Mayasa kwenye shamba lake la mwani akaelea usiku kucha juu ya dumu tupu, wageni hawakukauka mlangoni kwake. Walitaka kusikia alivyokamua maji ya mvua kwenye kanga yake akanywa, alivyozungumza na dumu kama anazungumza na shoga. Mwanapili aliijua hadithi ile neno kwa neno, na alijua pia pale inapokatwa. Aliyeuona mkono ukipunga nje ya mwamba, akamtupa pweza wake na kujitosa na nguo zake zote, alikuwa yeye. Lakini kila Mayasa akifika hapo, husema tu, "Mungu akaniletea mtu." Mtu! Kana kwamba huyo mtu hana jina, wala ua wake haupakani na wa msimuliaji!

Basi alipokutana njiani na kijana wa kanzu nyeupe, kinasa sauti mkononi, alisimama mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Mimi Samir, nimetoka mjini, Shangani. Tuna kipindi cha desturi za ajabu na watu walionusurika. Nnamtafuta Bi Mayasa."

"Marahaba, mwanangu. Ushafika. Ndiye mimi."

Ulimi ulishateleza, na haukuwa na haja ya kurudi. Alimpeleka kwake, akamkalisha mkekani, akampakulia pilau, akaanza. Hakukosea hata wimbi moja. Mkondo ukaja, usiku ukaingia, mvua ikanywewa. Alipofika kwenye mwamba, sauti ikapanda.

"Ndipo nikamuona Mwanapili! Mwanamke hodari, baba, mikono kama makasia. Mawimbi yenyewe yalimpisha. Kanikamata, kanivuta, na huku ananitania nisije nikalala."

"Subhanallah! Yu hai?"

"Yu hai, tena hajazeeka."

"Basi huyo ndiye nnayemtaka," Samir alisema, macho yakimmeta. "Wewe bahari ilikuchukua tu, bibi. Yeye kaifuata mwenyewe. Kipindi chote nitampa yeye."

Hapo hapo mlangoni pakaitwa, "Hodi!" Mayasa alikuwa amesimama kizingitini, kanga kiunoni. Mgeni wake kaonekana akiingia nyumba ya jirani, naye kaja kimyakimya, kasikiliza dirishani.

"Nasikia natajwa," alisema, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mimi ndiye Mwanapili."

Samir aliruka kumshika mkono. Mayasa akakaa, akachota pilau bila ya kukaribishwa.

"Kuogelea, baba, kwangu ni kipaji. Huyu shoga yangu alikuwa mzito kama gunia la chumvi, na kulia kwake! Nikamwambia, 'Nyamaza, bahari ishajaa.'"

"Sikulia mimi!" Mwanapili alidakia.

"Ulilia, Mayasa," jirani yake alimjibu. "Usimdanganye mgeni."

Mwanapili akawa kama mtu aliyeazimisha nguo yake mpya, akaiona ikimpendeza mwingine harusini. Jina ni lake, sifa ni zake, na bado zinakwenda kwa Mayasa. Alimuonea wivu Mayasa, kisha akashtuka: leo alikuwa akimuonea wivu Mwanapili.

Samir akatoa simu. "Bi Mwanapili, tazama huku nikupige picha."

Wote wawili waligeuka.

"Mwanapili ni mimi!" alifoka. "Mimi! Pweza wangu alikwenda na maji kwa ajili yake, na hajapata kunitaja!"

"Na mimi ni nani?" Mayasa aliuliza taratibu.

"Wewe mwizi wa hadithi!"

"Na wewe mwizi wa mgeni. Nani katangulia?"

Samir aliwatazama mmoja baada ya mwengine, tonge mkononi. "Bibi zangu, aliyezama ni nani hasa?"

Kelele zilipanda kutoka uwanjani: moto unaletwa. Uso wa Mayasa ukabadilika.

"Kibanda kinataka kuwashwa," alisema, "na nyumba yangu haina mgeni."

Sauti ile ya kutetemeka Mwanapili alishaisikia mara moja tu maishani, nje ya mwamba. Aliivuta sahani kutoka mbele ya kijana.

"Nenda kwake. Kwangu ushakula. Yeye ndiye Mayasa."

Walipotoka, Mwanapili alipita uani, akabana sikio kwenye makuti ya ua. Alisikia sahani ikiwekwa, kisha mkondo, dumu, mvua. Hadithi ikafika kwenye mwamba.

"Mungu akaniletea mtu," Mayasa alisema.

Mwanapili alisaga meno.

"Mtu gani?" Samir aliuliza.

Uwanjani makuti yalianza kulia kwa moto.

"Mtu mwenye wivu kupita watu wote wa Makunduchi," Mayasa alisema, akipaza sauti kuelekea uani. "Jina lake Mwanapili. Na kama hajachoka kuinama nyuma ya ua, mwambie aje, chai inapoa."