Mfarishi wa Mafumbo

Mtu anayehamia Maskati hapewi mfarishi. Najua, wala msinifunze. Kule hata usiku joto linakukaba, atajifunika mfarishi wa nini? Lakini mimi nilitaka kumpa Thuwaiba kitu kizito, akibebe uwanja wa ndege mpaka bega limpinde, na kila akikitazama anikumbuke kwa ubaya.

Thuwaiba ni mke mwenzangu. Abdulsamad, Mungu amrehemu, ingawa asifanye haraka, alinioa mimi Unguja. Baada ya Mapinduzi tukaja Landani na sanduku moja la bati, naye akapata kazi ya kuendesha basi. Alipoona usukani umemkaa vizuri mikononi, akaona na mke wa pili atamkaa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa inamjua mke mmoja, Mungu anawajua wawili. Mimi nikawa Kingsbury, mwenzangu akapangiwa chumba nyuma ya Edgware Road, na bwana akawa anatuzungukia kwa treni ya chini ya ardhi kana kwamba sisi ni vituo. Akichelewa, mimi nasema yuko kwa yule, yule anasema yuko kwangu. Kumbe mara nyingi yuko mkahawani kwa Waarabu anacheza dhumna.

Hatukuwahi kutukanana kwa mdomo. Ebo! Sisi si wahuni. Tulitukanana kwa kanga, kama watu waliolelewa. Tukikutana msibani au kwenye maulidi, kila mmoja alivua koti taratibu ili mwenzake apate kusoma jina vizuri. Mimi ndiye niliyeanza, na USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO. Arubaini iliyofuata akanijia na HATA UKINICHUKIA NITABAKI NA WANIPENDAO. Nikaagiza Unguja, nikaletewa USIENDE KWA WATU UKANISEMA. Naye akajibu, NANI KAKWAMBIA NAKUOGOPA. Watu wakawa wanamsahau maiti wanatusoma sisi.

Abdulsamad alipokufa nilidhani na vita vimekwisha. Thubutu! Alhamisi ya kwanza baada ya eda, kengele ikalia, nikamkuta Thuwaiba mlangoni kajitanda mtandio mweusi, ananiambia, "Nimekuja kuona kama bado unapika chai yako ile ya maji ya kuoshea vyombo." Nikamwambia aingie, mlango unaingiza baridi. Tangu siku ile kila Alhamisi yuko kwangu. Anaisema chai yangu, mimi nausema upishi wake wa mkate wa kumimina, unaotoka mgumu hata ukimpiga nao mwizi anazimia. Halafu tunamsema marehemu, na hapo ndipo tunapoelewana.

Sasa basi, mwanzo wa kipupwe kile, Desemba, akaweka kikombe chini akasema, "Kaka yangu kanijengea chumba Maskati. Mwisho wa Januari naondoka, Bi Mardhiya. Baridi ya hapa imeshanila mifupa."

"Nenda salama," nikamwambia. Hivyo hivyo, kavu. Nikaenda jikoni kuchukua sukari, na sukari ilikuwa pale pale mezani.

Nitasema kweli, maana ukweli haunioni haya. Niliogopa. Mwanangu yuko Kanada, akipiga simu ananijibu Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula. Mji mzima huu, aliyekuwa ananijua tangu nina meno yangu yote ni huyu adui mmoja. Akiondoka, nitagombana na nani? Na redio? Lakini kumwomba mke mwenzio abaki ni jambo ambalo mimi sikuzaliwa nalo. Bora ningemeza kastabini.

Wiki iliyofuata akaja na gunia. "Nasafisha chumba. Haya matambara yako, tia sakafuni ukitaka." Alipoondoka nikalifungua. Kanga zake zote za vita zilikuwa humo, zimekunjwa, zimetiwa na asmini kavu. Hata moja hakuitupa. Nikaenda kwenye kabati langu nikatoa za kwangu, nikazitandika kitandani pamoja na zake, nikasimama nikazisoma moja moja mpaka machozi yakanitoka kwa kucheka. Pale pale nikaamua: namshonea mfarishi kwa kanga hizi, na katikati kabisa nitamwekea MBACHAO yangu, nzima nzima, herufi kubwa, ili neno la mwisho liwe langu.

Nikamwita Champa, jirani wa nyumba ya pili. Champa ni Mhindi wa Hurumzi, kazaliwa Unguja kama mimi, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi nikikasirika. Kusoma alifunzwa Kigujarati tu. Herufi za Kizungu anazijua za kwenye mabasi, basi. Lakini mpe sindano uone. Kwao mfarishi wanauita godadi, na bibi zake walikuwa wanashona godadi kwa sari kuukuu tangu dunia haina treni.

"Katikati tutatia nini?" akaniuliza. "Pamba?"

Nikamletea blanketi la Abdulsamad, lile la kahawia.

Champa akalitazama. "Shoga, utamtia mumeo katikati ya kanga zako na za mke mwenzio?"

"Ndipo alipozoea," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tukafanya kazi sebuleni kwangu, mezani karibu na dirisha. Na hapa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi baridi ya Landani nimeitukana tangu siku ya kwanza niliyoshuka. Haina adabu, inaingia mpaka ndani ya nguo bila kubisha hodi, na jua lake halina kazi, linachungulia mchana kidogo kisha linakwenda zake kama mfanyakazi wa serikali. Lakini siku zile tulipozitandaza zile kanga, nje kila kitu ni kijivu, mbingu kijivu, nyumba kijivu, hata njiwa kijivu, zile rangi ziliwaka. Nyekundu ilikuwa nyekundu hata ukasikia haya kuitazama. Kwetu kanga zinashindana na jua, na jua ndilo linaloshinda. Hapa hazina mshindani. Na ile saa jua linapopita chini chini juu ya mapaa, likaingia dirishani kwa ubavu, meza yote ikawa dhahabu, na moshi wa chai ukapita juu yake. Champa akaacha sindano hewani. Nilimaliza miaka yote ile katika mji huu bila kukaa kitako mchana wa baridi nikautazama tu.

"Uzuri wote huu ulikuwa hapa?" nikamuuliza.

"Ulikuwa hapa. Wewe ulikuwa unagombana," akasema.

Halafu, kama kawaida ya mtu akianza kufurahi, nikashikwa na mafua. Mafua gani, homa ile ilinibwaga chini kama gogo. Champa akafungasha vipande vyote akaenda navyo kwake. Nikamwambia kwa sauti ya chura, "Katikati weka ile ndefu, ya maandishi meusi. Usisahau." Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama wanavyoitikia watu wasiosikiliza.

Akanirejeshea mfarishi Alhamisi ya mwisho ya Januari, asubuhi, theluji inaanguka. Kila kitu kimekwisha shonwa, vitambaa vya juu, blanketi, kitambaa cha chini, mishono midogo midogo imepita kote. Kilichobaki ni upindo wa kuzunguka tu. Tukautandika juu ya meza. Masha Allah, ulikuwa mzuri mpaka nikasahau kama nina kikohozi. Halafu nikausoma.

Katikati, pale nilipotaka MBACHAO yangu ikae, palikuwa na vipande vitatu vyekundu, vimepangwa mstari mmoja:

USIENDE. NITABAKI NA. NANI.

Nikaukaribia. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Maneno ni yale yale.

"Champa! Umefanya nini?"

"Nimepanga nyekundu kwa nyekundu. Hupendi?"

"Mbachao wangu uko wapi?"

"Ile ya maandishi meusi? Rangi yake mbaya, ilikuwa inazima zote. Nimeikata kata nikatia pembeni." Akanionyesha kona ya miguuni. Pale chini kabisa, peke yake, lilikuwa neno moja: MBACHAO.

Huyu mwanamke kakata fumbo langu mwanzo, kakata la Thuwaiba katikati, akachukua na NANI ya lile fumbo lake jingine, akayaunganisha kwa ajili ya rangi, na yametoka maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyafungia kifuani mwezi mzima. Tena kwa herufi kubwa, na uzi wa kudumu. Nilipomfahamisha Champa yanasemaje, alijishika mdomo. Kisha akauliza, "Kwani uongo?"

"Nipe mkasi!"

"Mardhiya, vidole vyangu vimetoboka kwa mishono hiyo!"

"Nipe mkasi, nakwambia. Saa yoyote atafika. Atakwenda Maskati kuwaambia kuwa mke mkubwa kampigia magoti!"

Nikaanza kufumua lile USIENDE. Uzi wa Champa haukatiki, mishono yake imeuma kama siafu. Nikakata upande mmoja, wa pili, wa tatu. Kipande kikawa kinaning'inia kwa upande mmoja tu, na blanketi la Abdulsamad linachungulia chini yake, kahawia, kama mwenyewe anataka kujua kinachoendelea. Kengele ikalia.

Champa, kwa haraka zake, akaenda kufungua.

Thuwaiba akaingia na theluji mabegani, pua nyekundu. "Nimetembea kutoka stesheni, mabasi yamesimama yote. Nimekuja kukuaga mapema, ndege Jumamosi, na kesho sitoki, nafunga mizigo..." Akauona mfarishi. Akaniona na mkasi.

Nikajitupa juu ya meza. Kweli nawaambia, mwanamke mzima na mafua yangu, nililala kifudifudi juu ya mfarishi nikatandaza mikono.

"Bi Mardhiya, una nini?"

"Naupasha moto."

"Toka."

"Haujesha!"

Akanishika bega akanisogeza. Thuwaiba ana nguvu, mifupa iliyoliwa na baridi iko wapi sijui. Akavaa miwani yake. Akaangalia kanga moja moja na akazitambua, nikaona uso wake unabadilika kila alipoiona ya kwake. Akafika katikati. Akainua kile kipande kinachoning'inia kwa kidole kimoja, akakilaza mahali pake, akasoma. Midomo yake ilikuwa inakwenda, kama mtoto wa chuoni anayesoma juzuu.

Nje theluji ilikuwa inaanguka bila sauti. Champa alikuwa kabana pumzi nyuma ya mlango.

"Nani kaandika hivi?" Thuwaiba akauliza.

"Champa. Kakosea. Yeye alikuwa anatazama rangi."

"Champa kakosea," akasema. "Na huu mkasi, ni wa Champa?"

Nilikuwa natafuta neno kali, nami nimeishi na maneno makali maisha yangu yote, na siku ile hata moja halikuja. Badala yake pua na macho yakaanza kunichuruzika, nikasema ni mafua. Yeye akatazama huku na kule juu ya mfarishi mpaka akaishia kwenye kona ya miguuni.

"Na huyu mbachao hapa chini," akasema, "ndiye wewe?"

"Thuwaiba, mimi nitakutukana."

"Tukana. Nakusikiliza."

Nikafungua mdomo. Kikatoka kilio. Si machozi ya kistaarabu, bali kile kilio cha kwikwi, cha mtoto aliyeachwa sokoni. Nililia mbele ya mke mwenzangu kwa mara ya kwanza, hata siku ya ndoa yake sikulia, nilikwenda nikapika biriani.

Thuwaiba akavua koti. Akalitundika nyuma ya mlango, taratibu, kama zamani, lakini safari hii ndani yake alivaa sweta tu, halina maneno. Akavuta kiti akakaa mezani.

"Nipe sindano," akasema.

"Ya nini? Wewe hujui kushona."

"Nipe sindano, Bi Mardhiya, na unitungie uzi, macho yangu hayaoni tundu."

Nikamtungia. Champa alitaka kumpokea kazi, nikamkanyaga mguu. Thuwaiba akakilaza kile kipande sawasawa, akaanza kukishona. Mshono mmoja mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umekwenda kombo umepita juu ya herufi. Alijichoma, akamlaani Champa na Maskati na mimi, akaendelea. Alipozunguka pande zote tatu, akaukata uzi kwa meno, akapapasa kwa kiganja. USIENDE.

"Na ndege?" nikamuuliza.

"Ndege zitakwenda wapi? Weka chai. Na leo usiipike kwa maji ya vyombo."

Kaka yake aliambiwa theluji imefunga uwanja. Theluji iliyeyuka Jumapili ile ile, na sasa ni msimu wa baridi wa ngapi sijui, nimeacha kuhesabu. Thuwaiba kahamia chumba cha nyuma kwangu, tunagombana tangu alfajiri. Jua likipita chini chini juu ya mapaa tunajifunika mfarishi miguuni, yeye upande wake, mimi wangu, Abdulsamad katikati, tunautazama mchana ukiisha.

Champa kila akija anaitazama ile mishono mikubwa ya kombo pale katikati, inamtia aibu. Anasema afumue kidogo tu, aishone upya vizuri. Nimemwambia atakayeigusa nitamkata vidole.